Magari Manne na Mtaro Mmoja

Kama kuna mtu aliyewahi kumiliki magari ya mbio yasiyokwenda mbio, basi ni Mzee Mbio. Alikuwa nayo manne, ya spoti, ya zamani, yale mafupi ya viti viwili yanayolala chini kama mjusi anayeota jua. Yalipangwa bandani nyuma ya nyumba yake, yamefunikwa shuka safi, yamesuguliwa nta mpaka ukiinama unaona ulivyozeeka. Na hakuna hata moja lililoonja lami tangu serikali ilipoamua kumletea mzee maendeleo.

Maendeleo yalikuja kwa umbo la mtaro. Walikuja vijana wenye fulana za kung'aa, wakachimba mtaa mzima upande wa mageti, kina cha mtu mzima kifuani, upana wa kitanda. "Wa bomba la maji," walisema, kisha wakaenda kulichukua bomba. Mzee Mbio hakuwalaumu kwa kuchelewa. Pengine bomba lilikuwa bado linatafutwa. Pengine chuma chake kilikuwa bado ardhini kinakua. Miaka ikapita, mtaro ukaota majani, majani yakaleta vyura, na watoto waliozaliwa mtaa ule wakakua wakidhani kila nyumba duniani huingiwa kwa kupita juu ya ubao.

Wenye magari ya kawaida waliyalaza nje, ng'ambo ya mtaro, wakamwachia Mungu ulinzi. Lakini gari la spoti lenye paa la turubai hulilazi nje. Ukililaza nje, asubuhi unakuta usukani umeenda kutafuta maisha.

Aliyekuwa na dhamana ya mtaa ule ni Mkuu wa Barabara, mtu mwenye kitambi cha heshima na jibu moja kwa maswali yote: "Liko kwenye mchakato." Watu wakamwita Bwana Mchakato. Sifa yake kubwa ni siku aliyozindua matengenezo ya barabara nne kwa mpigo. Asubuhi alikata utepe mtaa huu, greda likaunguruma, picha zikapigwa. Baadaye akakata utepe mtaa wa pili, greda likaunguruma. Mtaa wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Fundi cherehani, aliyekaa mkabala na Mzee Mbio na ambaye hakuwa na kubwa la kufanya siku hiyo, alilifuata lile greda kwa baiskeli.

"Ni lilelile!" alirudi akisema, jasho likimtiririka. "Greda moja, barabara nne! Taa yake ya kushoto imevunjika, nimeihesabu hiyo taa mpaka nimechoka."

Jioni taarifa ikasema magreda manne yako kazini. Na kweli, picha zilikuwa nne.

Magari yale Mzee Mbio hakuyanunua kama wanavyonunua wakubwa, kwa kuonyesha kidole. Maisha yake yote alikuwa makanika wa malori. Alipostaafishwa na mgongo, maana kazi yenyewe hakuiacha, ilimwacha, akaanza kukusanya mabaki ambayo watu walikuwa wanafugia kuku. La kwanza alilitoa kwa mwenye shamba aliyekuwa analiwekea mbolea. Yote yalikuwa ya kiwanda kimoja, baba mmoja mama mmoja, yametofautiana rangi na tabia tu. Mke wake ndiye aliyeyabatiza. Jekundu aliliita Pilipili. La njano Ndizi. La kijani, lililobadilika rangi mara tatu kabla mzee hajaridhika, akaliita Kinyonga. Na jeupe, ambalo alilishikia spana mwenyewe tangu likiwa bodi tupu mpaka likakohoa mara ya kwanza, akaliita Bi Harusi.

Sasa, ndugu zanguni, magari manne ya baba mmoja yana faida: spea zinaingiliana. Na yana hasara: spea zinaingiliana. Kabureta ya Kinyonga, kile kifaa kinacholisha injini mafuta na hewa, ilipasuka. Mzee akaazima ya Ndizi. Ya Ndizi ikaliwa na kutu kwa kukaa bure. Ya Pilipili ikaenda kuwa vipuri vya hiyo iliyobaki. Akaagiza tatu mpya ng'ambo, kwa akiba ya jasho, zikafika forodha. Forodha wakasema lazima zikaguliwe. Zikakaguliwa kwa makini sana, mpaka zikapotea.

Ikabaki kabureta moja nzima kwa magari manne. Akijisikia kuwasha Pilipili, anaitoa ilipo, anaifunga kwa Pilipili. Bolti nne, mirija miwili, waya mmoja. Kazi yote haikuzidi muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, kama kuna mwenye kumzungumzisha.

Mwenye kuzungumzisha alikuwepo. Wageni walikuwa wanakuja siku za Jumapili, wapenzi wa magari wenzake, kusikiliza injini. Mzee anawasha moja, wageni wanatikisa vichwa kwa raha, kisha mama anatokea mlangoni: "Jamani, chai inapoa! Hamtaki kunywa chai yangu, au mmesikia nini?" Wanaingia sebuleni. Mama anawamiminia, anawauliza habari za wakwe zao, anawasimulia ugomvi wa mtaani, na kule bandani mzee anatoa bolti, anafunga bolti. Wakitoka, Kinyonga nalo liko tayari kuunguruma. Hakuna mgeni aliyewahi kugutuka. Wote waliondoka wakisema: "Mzee ana magari manne mazima, na mke mkarimu ajabu."

Wageni wakishaondoka, mama alikuwa anavaa miwani ya jua, anaingia Bi Harusi, anakaa. Miwani ile aliinunua kwa ajili ya siku watakayotoka barabarani paa likiwa wazi. Mtaro ukawahi kabla ya siku hiyo. Basi ikawa wanasafiri bandani, gari limesimama, injini inanguruma.

"Twende wapi leo?" mzee anauliza.

"Popote. Ila punguza mwendo, baba, utaua kuku wa watu."

Siku ambayo presha ilimpanda mama, ilikuwa mchana kweupe, na kabureta ilikuwa kwa Bi Harusi. Mzee alimlaza kitini, akawasha, injini ikaitika mara moja kama askari. Akafika getini. Pale akasimama, na gari lenye uwezo wa kumpita mtu yeyote mtaani kwake, mbele ya shimo la kuzikia bomba lisilokuwepo. Akapiga honi. Sijui alikuwa anampigia nani. Majirani wakaja, wakamtoa mama kwa mikono, wakampitisha juu ya ubao, wakampakia kwenye toroli la fundi wa kujenga, wakamsukuma mpaka barabara kuu kutafuta gari la kukodi.

"Mngemwahisha kidogo tu," alisema daktari.

Mtu wa ofisi ya barabara alihudhuria mazishi. Alisema wanaitambua changamoto iliyopo.

Baada ya hapo mzee akawa mtu wa kuingia bandani asubuhi na kutoka jioni, akisugua vitu vilivyokwisha sugulika. Lakini mwili nao una serikali yake, na haikumsikiliza. Magoti yakagoma. Mgongo ukagoma. Kwenye magari yale mafupi aliingia kama barua inavyoingia bahasha, na kutoka akawa anatoka kama dawa ya meno iliyokwisha: kwa kukamuliwa. Siku moja alikwama ndani ya Ndizi mpaka fundi cherehani alipokuja kuazima nyundo akamvuta kwa kwapa.

"Mzee mwenzangu," fundi alimwambia, "gari linavaliwa na mtu. Hili sasa limekuvua."

Habari zikamfikia binti yake, mtoto wake pekee, aliyekuwa anauza vigae mji mwingine. Huyo binti alirithi ulimi wa mama yake na ubishi wa baba yake, kwa hiyo wateja walinunua ili yaishe. Akaja na begi dogo, akasimama katikati ya banda, mikono kiunoni.

"Baba, tunauza."

"Tunauza nini?"

"Haya makaburi yako ya rangi. Unahamia kwangu. Chumba kipo, cha chini, hakina ngazi."

"Na mimi nitafanya nini kwako? Nikae nihesabu vigae?"

"Utakaa kama baba za wenzangu wanavyokaa. Utalalamika, utakula, utalala."

Mzee alijua ana haki yule mtoto. Hata kuinua boneti ya Pilipili siku hizi alikuwa anaivizia kama anavizia mwizi. "Sawa," alisema. "Nitauza. Lakini yatatoka getini, kwa magurudumu yake, yakinguruma. Hilo ndilo sharti langu, sina jingine."

"Getini wapi, na lile shimo?"

"Mwulize mwenye shimo."

Wanunuzi wakaja. Wa kwanza alitaka kumkata Pilipili nusu amfanye kaunta ya kuuzia vinywaji. Huyo alivuka ubao kwa kukimbia. Wa pili alikuwa mtu mzuri, mstaarabu, mwenye hela na akili. Akasema, "Mzee wangu, nitaleta kreni, tutayanyanyua juu ya ukuta moja moja."

"Hapana."

"Gharama ya kreni ni yangu."

"Hapana, nimesema."

Alipoondoka, binti akawaka. "Baba! Kreni analipa yeye, ukuta haubomoki, wewe inakuuma nini?"

"Mama yako alinyanyuliwa juu ya mtaro ule kama gunia la mkaa," mzee alisema bila kupandisha sauti. "Magari haya yakinyanyuliwa nayo, basi wale watu hawatalifukia lile shimo mpaka kiama, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na geti hapa. Wanitolee njia. Wamenichukulia mtu, wanitolee njia."

Binti akageuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Siku chache mbele akatokea mnunuzi wa tatu, anavuka ubao taratibu, suruali ameinyanyua kwa vidole viwili, kiatu kinang'aa kuliko gari. Kitambi cha heshima kilitangulia, mwenyewe akafuata. Alikuwa Bwana Mchakato.

"Mzee wangu, shikamoo!"

"Marahaba. Umepotea njia?"

"La, nimeambiwa una hazina. Unajua mimi ni mpenzi mkubwa wa magari ya spoti ya zamani? Ninayo mawili nyumbani. Ila huu mtaro wenu…" akatazama nyuma, anapangusa kiatu, "mbona ni hatari hivi? Hamkuripoti?"

Mzee Mbio alimtazama. Katika maisha alikuwa ameona bolti zilizoliwa na kutu, ameona injini zilizowekwa mafuta ya kupikia, lakini kitu kama kile alikuwa hajakiona.

"Tuliripoti," alisema. "Liko kwenye mchakato."

"Vizuri sana," alisema Bwana Mchakato, na alimaanisha.

Akaingia bandani, na hapo, haki ya Mungu tuseme, sura yake ilibadilika. Alivua koti. Alipiga magoti na suruali yake ile kumwangalia Kinyonga chini. Alimpapasa Ndizi kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. "Nataka yote manne," alisema. "Lakini lazima nisikie kila injini. Nimeshatapeliwa mara moja, mzee wangu. Watu siku hizi hawana haya, wanakuonyesha kitu kwa juu, ndani hamna."

"Kweli hawana haya," mzee akakubali. "Tena wengine wamesoma."

Akawasha Pilipili, aliyekuwa na kabureta wiki ile. Banda likatetemeka. Bwana Mchakato akafumba macho. Mzee akazima, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna mtu wa kutokea mlangoni.

Akampazia binti sauti. "Mama! Chai ya mgeni!"

Binti akachungulia. "Chai gani?"

"Chai. Ya sebuleni. Kama alivyokuwa anafanya mama yako." Akamkazia macho, akatazama boneti, akamtazama tena binti, akainua spana nusu. Binti akaangalia spana. Akaangalia magari manne. Uso wake ukaanza kufunguka taratibu kama mlango uliokuwa umekwama. Utoto wake mzima alidhani mama yake anapenda wageni.

"Karibu ndani, mheshimiwa," alisema. "Chai ikipoa katika nyumba hii ni mkosi."

Dirisha la sebule lilikuwa linatazama banda. Mzee akitoa bolti aliwasikia wote wawili. Binti alianza vizuri: habari za nyumbani, habari za wakwe. Lakini mama yake alikuwa na hazina ya maneno ya kuzunguka, na binti alikuwa mwuza vigae, mtu wa kwenda moja kwa moja kwenye bidhaa. Kwa Kinyonga alimaliza wakwe. Kwa Ndizi alimaliza hali ya hewa. Walipoingia sebuleni mara ya tatu, mzee akiwa anamfungia Bi Harusi kabureta, hakuwa amebakiwa na kitu isipokuwa kile kimoja.

"Mheshimiwa, unajua mama yangu alipita kwenye toroli pale?"

"Pole. Toroli la nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza kigae kipi kinateleza. Bandani, spana ya mzee ikawa imesimama.

"Pole sana," alisema Bwana Mchakato hatimaye. "Hii ni changamoto."

"Changamoto ndiyo nani?"

"Samahani?"

"Nauliza, huyo Changamoto ndiye nani, ana ofisi wapi, tukamwone? Kila msiba nasikia jina lake."

Kijiko kikagonga kikombe. Bwana Mchakato alitoka nje, na Bi Harusi alipowashwa hakufumba macho. Lakini mpenzi wa magari ni mpenzi wa magari. Mkono ulimtoka wenyewe, ukalipapasa lile jeupe.

"Manne yote," alisema. "Nitaleta kreni."

"Hakuna kreni," alisema mzee. "Yanatoka getini, moja moja, yakinguruma. Ukiweza, ni yako. Huwezi, chai umeshakunywa, kwaheri."

Bwana Mchakato akalitazama geti. Akautazama mtaro, safari hii vizuri, kama mtu anayeutazama mtaro wake. "Hilo," alisema, "halina shida kabisa."

Na kweli halikuwa na shida kabisa! Wiki haikwisha. Likaja lori la kifusi, likaja la mchanga, likaja la kokoto, yakaja na yale magreda, mawili tena, mtu angeweza kudhani yamezaliana. Mtaro uliomshinda mkandarasi, ukaishinda bajeti, ukaishinda kamati, ukafukiwa na kushindiliwa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Watu wa mtaa walitoka wakasimama kwenye mageti yao wakiukanyagakanyaga udongo mpya kama watu wanaopima godoro. Mama mmoja akalia. Mzee Mbio alisimama na fundi cherehani, hakukanyaga.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema fundi.

"Siku zote. Ila ilikuwa inasubiri mgonjwa wa maana. Gari."

Siku ya kuyachukua magari, Bwana Mchakato hakuja peke yake. Alikuja na mpiga picha, na wasaidizi, na utepe. Kwa kuwa barabara imetengenezwa, alisema, si vibaya kuizindua. Utepe ukafungwa kwenye nguzo za geti la Mzee Mbio. Mkasi ukasahaulika ofisini, ukaazimwa kwa fundi cherehani, aliyeutoa akisema, "Naomba urudi, huo wangu. Si mali ya umma."

Lori la kubebea magari lilikuwa refu mno kuingia mtaani, likasimama barabara kuu. Mzee akasema ayapeleke mwenyewe, moja moja, hiyo ndiyo raha yake ya mwisho. Nani angemkatalia mzee raha ya mwisho mbele ya mpiga picha?

Akajipenyeza ndani ya Pilipili. Gari likapita getini, likakanyaga pale palipokuwa na mtaro, watu wakapiga makofi, likafika kwenye lori likipiga kelele za furaha. Mzee akakamuliwa nje. Akafungua boneti "ipoe," akainama humo kitambo, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, ameshika ndoo iliyofunikwa kitambaa. Punde Kinyonga likatokea getini, linanguruma. Likafika, boneti ikafunguliwa ipoe, mzee akarudi na ndoo. Punde Ndizi. Binti alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekitaka, anajiuma midomo asicheke.

Mara ya tatu, Bwana Mchakato akamzuia mzee njiani, katikati ya watu.

"Mzee wangu, kila safari unarudi na hiyo ndoo. Ina nini?"

"Injini zina joto. Nabeba kinachoweza kuungua."

Bwana Mchakato hakuwa mjinga. Alikuwa na magari mawili nyumbani. Akaenda mbio mpaka kwenye lori, kitambi kikimtangulia, akafunua boneti ya Ndizi, kisha ya Kinyonga, kisha ya Pilipili. Akarudi amebadilika rangi kuliko Kinyonga.

"Kabureta ziko wapi?"

Mzee akafunua ndoo. "Hii hapa."

"Moja?"

"Moja."

"Umeniuzia magari manne yenye kabureta moja!"

"Kukuuzia sijui," alisema Mzee Mbio, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mimi nimekuzindulia, mheshimiwa. Magari manne kwa kabureta moja. Uliona mwenyewe, yote yamenguruma, picha zimepigwa. Nimejifunza kwa wakubwa."

Ng'ambo, kutoka kwenye baraza la cherehani, sauti ikasema: "Na lile greda lilikuwa na taa ya kushoto iliyovunjika!"

Hapo wakacheka. Walicheka mpaka wasaidizi wakaangalia chini, na mmoja wao naye mabega yakawa yanamtikisika. Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi, akapiga picha. Bwana Mchakato, kwa mazoea ya kazi, akatabasamu.

"Mzee, huu ni utapeli."

"Basi yarudishe. Njia ipo, umeizindua wewe mwenyewe si muda mrefu. Au yachukue hayo matatu uagize kabureta mpya ng'ambo. Forodha watakuhudumia vizuri."

Bwana Mchakato akalitazama lori. Akaitazama Pilipili juu yake, nyekundu, imenyoosha pua juani. Ugonjwa ni ugonjwa. "Nayachukua," alisema kwa kukaza meno. "La nne je? Tulisema manne."

"La nne," alisema Mzee Mbio, "liko kwenye mchakato."

Lori lilikuwa halijapotea vizuri upeo wa macho ilipoingia pikapu mtaani. Wakashuka vijana wenye fulana za kung'aa, wa rangi nyingine safari hii. Wakatoa sururu. Mmoja akaanza kuchora mstari mweupe chini, kwenye udongo ule uliokuwa bado una alama za matairi ya Ndizi.

"Nyinyi ni kina nani?" fundi cherehani akauliza, mkasi mkononi.

"Idara ya Maji, mzee. Hawa wa Barabara wameufukia mtaro wetu bila kutuambia. Tumeagizwa tuufungue."

"Bomba limekuja?"

"Bado. Lakini bomba likija likute mtaro."

Mzee Mbio alikuwa amesimama na ndoo yake. Hakukasirika. Kuna kiwango ambacho hasira nayo huvua kofia ikapita pembeni. Akamgeukia binti yake.

"Wanaanza saa ngapi?"

"Wanasema wakishakula."

"Nisaidie kushika tochi."

Bolti nne, mirija miwili, waya mmoja. Binti alishika tochi, akashika na spana, akaambiwa ni spana siyo, akaambiwa mama yake angejua, akasema mama yake hayupo kwa hiyo azoee. Mzee akafunga bolti ya mwisho. Akaingia ndani akatoka na begi lake, jepesi, kama alikuwa amelifunga siku nyingi. Ufunguo wa nyumba akampa fundi cherehani.

"Utarudi lini?"

"Hilo si uwaulize wao?"

Akajipenyeza ndani ya Bi Harusi. Binti akakaa upande wa pili, akafungua kidroo, akaikuta miwani ya jua. Akaigeuza mikononi.

"Usivae," alisema mzee. "Ina mwenyewe. Iweke pale mbele."

Binti akaiweka juu ya dashibodi, inatazama njia. Injini ikaitika mara moja, kama siku ile. Walipita getini. Gari lilishuka kidogo, likapanda kidogo, na mtaro wote ule, miaka yote ile, ukawa umekwisha, haukumaliza hata pumzi moja. Nyuma yao vijana wa Maji walikuwa wananawa mikono.

Kuku wa fundi cherehani akakatiza mbele. Mzee akakanyaga breki mpaka chini, binti akajigonga, kuku akapita bila haraka akiwatazama kwa dharau.

"Baba, punguza mwendo!"

Mzee alikunja kona kuingia barabara kuu, akaachia gari. Upepo ukawapiga usoni. Binti alikuwa anashika nywele, anacheka, anasema kitu ambacho hakikusikika, alipoona baba yake amepunguza. Kushoto kwao kulikuwa na geti pana lenye msalaba mwekundu. Hospitali. Ileile aliyopelekwa mama.

Mzee alitazama mshale wa joto la injini. Ulikuwa haujanyanyuka. Gari lilikuwa halijapata hata moto.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, Baba."

"Basi."

Akakanyaga mafuta.